Povu la Mwisho

Mchoraji akitaka kumtesa mwandishi wa mapovu hana haja ya kumtukana. Amchoree povu dogo tu, halafu amletee maneno mengi.

Povu, kwa asiyejua, ni lile duara lenye mkia linaloelea juu ya kichwa cha mtu kwenye katuni na kubeba maneno yake. Wasomi huliita kiputo. Pale karakana, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, liliitwa povu, na mwanamke aliyeyajaza aliitwa Mwandiko. Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo, lakini akiitwa kwa jina hilo zahanati alikaa kimya akisubiri mwenye jina aitike.

Aliyemchorea mapovu hayo ni Kifutio, na huyo naye hakuzaliwa Kifutio. Aliitwa hivyo kwa sababu alifuta kuliko alivyochora, na ukipita karibu na meza yake ulitoka na makombo ya mpira kwenye viatu. Kwa kuwa mtu wa kufuta hachelewi kubadili mawazo, Mwandiko hakuandika juu ya picha zenyewe. Alitandika juu ya kila ukurasa karatasi ya plastiki inayoonyesha, akaandika juu ya hiyo, kila neno likaangukia ndani ya povu lake. Kule kwenye kuchapa vilipigwa vyote viwili pamoja, ukurasa na plastiki yake, vikatoka kitu kimoja. Msomaji asingejua kwamba mkono uliochora sio ulioandika.

Shida ilikuwa moja, nayo haikuwa na dawa. Kifutio alichora mapovu kwanza, akafikiria maneno baadaye. Alichora povu la ukubwa wa kifungo cha shati, kisha akaleta maelezo ambayo mtu alitakiwa asimulie ndoa yake yote humo ndani. Na lugha yetu nayo haina huruma na nafasi. Ukiandika tu "nisingalimwambia" povu limeshajaa, na bado hujasema usingalimwambia nini.

Basi Mwandiko akapunguza. Hiyo ndiyo ikawa kazi yake hasa, ingawa haikuwa na jina wala cheo. Kifutio akileta "Sikutegemea hata siku moja kwamba wewe, ndugu yangu wa tumbo moja, ungenitendea jambo kama hili," Mwandiko alisugua paji la uso, chai ikapoa, mwishowe akaandika "Hata wewe?" Wasomaji wakasema mchoraji huyu ana ulimi wa kukata. Kifutio hakukanusha, Mwandiko hakudai. Jembe na mpini haviulizani nani amelima.

Jarida lenyewe halikuwa la kuchekesha, wala la mashujaa wanaoruka juu ya maghorofa. Lilikuwa la watu tunaopishana nao kila siku: mlinzi anayesinzia getini, mke anayesubiri majibu ya vipimo, majirani wasiosalimiana kwa sababu ya kamba ya kuanikia. Wenyewe waliziita katuni mbadala. Shangazi yake Mwandiko, aliyekuwa akiishi naye tangu miguu ianze kumvimba, aliziita katuni za waliokosa usingizi.

Toleo lililoleta mambo lilimhusu mshona nguo mmoja, mjane. Chumba alichoshonea kimeuzwa, mwenye chumba mpya amekuja na fundi wa kubadilisha kitasa. Kurasa zote mjane anakunja vitambaa, anatoa sindano ukutani moja moja, anafunika cherehani. Picha ya mwisho anasimama mlangoni na kumkabidhi yule bwana ufunguo. Maneno ambayo Kifutio alitaka ayaseme pale yalikuwa haya: "Nimeishi humu umri wangu wote, nimelea, nimezika, nimeshona nguo za harusi za watu ambao leo hawanijui, na sasa natoka kama mgeni, lakini msidhani nimeshindwa, nimechoka tu, na kesho nitaanza pengine."

Na povu alilomchorea lilikuwa kifungo cha shati, tena shati la mtoto.

Siku zile Mwandiko alikuwa amechoka. Kiganja kiliwaka moto akishika kalamu, akawa anakifunga kitambaa. Macho nayo yalianza kumwonyesha mistari miwili palipo na mmoja. Na juu ya kiganja na macho kulikuwa na ule uchovu usio na mahali, ambao ukilala nao unaamka nao. Kurasa nyingine zote alishazimaliza. Alibakiza povu hilo moja. Akatia plastiki zote ndani ya bahasha, akaenda nazo nyumbani, kwa kuwa shangazi hakuweza kuachwa peke yake mchana kutwa.

Akajaribu "Kwaherini." Lilikuwa refu, na hata lingekaa lilikuwa na machozi ndani yake, na yule mjane hakuwa mtu wa machozi. Akajaribu "Sawa." Sawa ni ya mtu aliyekubali, na huyu hakukubali. Akajaribu "Basi." Hilo lilikaribia. Lakini basi hufunga mlango mtu akiwa ndani, naye alitaka neno la kufunga mlango mtu akiwa nje, ameshaanza kutembea. Akafuta, akaandika, akafuta, hata shangazi akamwambia kutoka dirishani, "We mwana, huyo bwana wa makombo amekuambukiza."

Siku ya kuchapa ikafika, na povu bado tupu. Simu ikalia. Alikuwa fundi wa mashine, mtu mpole mwenye sauti ya kupigana na mtambo.

"Dada, kurasa ninazo hapa, Kifutio ameniachia mlangoni. Mashine imeshapata moto. Vipi, nianze?"

Mwandiko alikuwa ameshika simu kwa bega, kalamu mkononi, macho kwenye plastiki. Hakusikia hata neno. Maana wakati huohuo shangazi aliweka mikono miwili juu ya magoti, akakusanya mifupa yake, akashusha pumzi, akasema, "Haya." Akainuka kwenda kuzima jiko.

Neno hilo shangazi alilisema kila alipoinuka. Hakumwambia mtu. Hakukubali kitu wala kukataa kitu. Palikuwa na maumivu ndani yake, na palikuwa na safari.

"Haya!" Mwandiko alipiga kelele. "Haya, haya, haya!"

"Haya," akajibu fundi, akakata simu.

Mwandiko alidhani mtandao umekatika kama kawaida yake. Aliandika lile neno, herufi nne, zikakaa ndani ya kifungo cha shati la mtoto na nafasi ya kupumua ikabaki. Akaketi akaliangalia. Ilikuwa muda mrefu hajaifurahia kazi yake, na furaha ile ilimshika vibaya, akataka kulia. Akanawa mikono, akabadilisha viatu, akachukua bahasha, akaenda zake kwa fundi bila haraka.

Aliusikia mtambo tangu nje. Alipoingia, rundo lilikuwa limeshapanda hadi kiunoni, na fundi alikuwa anapiga ukurasa wa mwisho. Mwandiko akaokota mmoja wa juu. Mjane mlangoni. Ufunguo mkononi. Povu jeupe.

"Maneno yako wapi?" akauliza, akijua.

"Maneno gani?" fundi akazima mtambo. "Si nimekuuliza nianze? Umeniambia haya. Tena mara nne."

"Na umeona mapovu ni matupu?"

"Nimeona."

"Hukushangaa?"

Fundi akafuta mikono kwa tambara, akaanza kuhesabu makosa, ila hayakuwa yake. "Dada, tusilaumiane. Mwaka jana mlileta ukurasa mweusi tititi. Nikasimamisha mashine, nikawapigia, mkanicheka. Mkaniambia ule si wino uliomwagika, ile ni huzuni. Nikasema sawa. Mkaleta ule mwingine wa kichwa chini, nikawaita, Kifutio akaja juu, kwamba namharibia fikra. Leo nimeona mapovu matupu, nikajiambia, mzee, usijiaibishe, na hii itakuwa huzuni."

Mwandiko akakaa juu ya rimu ya karatasi. Kila alichosema fundi kilikuwa kweli. Kifutio alipofika, akapitisha macho juu ya rundo, akashika kiuno, akatazama dari. Karatasi zilikuwa zimekwisha. Wauzaji walikuwa wameshaahidiwa.

"Acha liende," akasema. "Toleo lijalo tutaomba radhi."

"Watasema tumelewa."

"Waseme. Nimechoka, dada. Acha tu liende."

Likaenda. Shangazi alipoletewa nakala yake aliigeuza, akaitikisa kama vile maneno yangedondoka, akaiweka chini. "Mmeniletea gazeti la mabubu," akasema. Mwandiko hakucheka. Siku zile zote alitembea akiinamisha kichwa, akijiona ndiye mjinga wa wajinga, aliyetafuta neno moja akapoteza yote.

Ndipo ikatoka habari.

Kuna mhakiki mmoja aliyekuwa na ukurasa wa habari za katuni mbadala mtandaoni: nani ametoa nini, nani kaacha kuchora kaenda kuuza bima, nani na nani hawaongei, meza ya nani ilikosa wateja kwenye tamasha. Habari za ulimwengu ule hazijai kiganja, lakini yeye alikuwa na hamira yake, akizikanda zilijaa sufuria. Wiki ile aliweka picha ya yule mjane na juu yake kichwa cha habari: KIFUTIO AFUTA MANENO. Chini akaandika kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba kwa muda mrefu katuni zetu zilikuwa zikipiga domo, hadi alipotokea mtu mmoja mwenye ujasiri wa kuyaacha mapovu matupu. La ujasiri kuliko yote, akasema, ni lile povu la mwisho, dogo kama kifungo. Mchoraji mwingine angelifuta. Huyu ameliacha, ili tujue kwamba mama huyu alikuwa na la kusema na hakuna wa kumsikia.

Shangazi alisoma kwa sauti, kidole kwenye simu. Mwandiko alikuwa anakata nywele zake mbele ya kioo, mkasi ukasimama hewani. Kwa kitambo alipata nafuu. Kumbe hawakuaibika. Kumbe watu wamependa. Akatabasamu peke yake kwenye kioo.

"Subiri, kuna chini," shangazi akasema. "Amempigia simu mwenyewe. 'Nilipomuuliza Kifutio kwa nini, alinyamaza kwanza, kisha akajibu: Nilihisi maneno yametosha.'"

Mwandiko akaweka mkasi chini.

"Maneno yametosha," shangazi akarudia. "Ya nani yaliyotosha? Yeye ana maneno gani? Huyo mtu hana haya!"

Na hapo Mwandiko akacheka, kicheko kisicho na raha. "Kweli, shangazi. Hana. Ninayo mimi, iko kwenye bahasha."

Kesho yake alipanda karakana. Ngazi zile alizipanda miaka nenda rudi, na siku hiyo zilimtoa pumzi. Kifutio alikuwa mezani, mgongo kwa mlango, anafuta. Alipomsikia hakugeuka mara moja, naye Mwandiko akajua kwamba anajua.

"Nimesoma," akasema.

"Dada, nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Akaanza yeye kusifia, kila nikifungua mdomo anapita. Mdomo ukawa mzito."

"Mdomo mzito ndio umekupa jina."

Kifutio akageuka. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Huyu naye alikuwa amechoka, hilo halikuwa la kubishaniwa. Tangu ujana alikuwa akichora watu ambao hakuna anayewatazama, akavipeleka vijarida vyake kwa miguu toka kinyozi hadi kinyozi, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu kumpigia simu kumuuliza kwa nini. Mwandiko aliliona hilo. Lakini kuona uchovu wa mwenzako hakupunguzi wako.

Akasogea mezani. Kurasa za toleo lijalo zilikuwa zimetandazwa, na Mwandiko akainama kuzitazama. Mapovu yalikuwa makubwa. Yalikuwa mazuri, ya mviringo, yenye nafasi, kila moja lingebeba hotuba ya bwana harusi. Miaka yote hiyo alimbembeleza, "Kaka, nipanulie kidogo tu, hata unene wa kalamu," akaambiwa picha itaharibika. Kumbe alijua. Kumbe angeweza siku zote.

"Haya yote ni ya nini?" akauliza.

"Ni... wanataka yabaki matupu. Mhakiki anasema ndio mwendo wangu sasa." Kifutio akapeperusha makombo mezani. "Wewe hutakosa kazi, usifikirie hivyo. Kuna kupanga kurasa, kuna kupeleka kwa fundi..."

"Mimi ni mwandishi wa mapovu."

"Najua."

"Povu tupu halina mwandishi."

Kifutio akaendelea kupeperusha makombo. Kutoka chini, kwenye duka la matairi, mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye ringi.

"Kuna maonyesho," hatimaye akasema. "Wamezikuza kurasa, zitabandikwa ukutani. Njoo, dada."

"Nije kama nani?"

Kifutio akatafuta. Mtu aliyezoea kuletewa maneno mafupi na mwingine, akitakiwa kuyatoa mwenyewe hutaabika. "Njoo tu," akasema.

Nyumbani alisema haendi. Shangazi akamwangalia juu ya miwani. "Shukrani ya punda ni mateke, hilo sikufundishi. Lakini punda akikupiga teke, nawe ukajilaza chini, mwenye punda atadhani ulikuwa umelala. Nenda. Ukikaa hapa utakuwa umemsaidia kukufuta."

Basi wiki nzima Mwandiko akatunga maneno yake. Aliyatunga akiosha vyombo, akipanga foleni ya maji, akimpaka shangazi dawa ya miguu. Atasema juu ya kiganja. Atasema juu ya vifungo vya shati. Atasema "Hata wewe?" ilikuwa ya nani, atamtaja fundi na simu na ile huzuni yake, atawaambia wenye elimu zao kwamba walichokisujudia ni bahati mbaya ya simu. Na ile bahasha ataibeba, na ikibidi atabandika plastiki juu ya picha zao mbele ya macho yao. Kila siku hotuba ilizidi kurefuka, na kila ilivyorefuka alizidi kuchoka.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa chumba kirefu, ghorofani, mkabala na zahanati. Kuta nyeupe, viti vya kukunja, watu wa katuni mbadala wote waliokuwepo mjini, yaani hawakufika hata kujaza viti. Mwandiko alisimama ukutani nyuma, bahasha ndani ya mkoba. Mbele kabisa ilibandikwa picha ya mwisho, imekuzwa ikawa kama mlango. Mjane alikuwa na urefu wa mtu. Ufunguo ulikuwa mkubwa kama mkono. Na povu lile, lililomnyima usingizi kwa udogo wake, lilikuwa sasa kama sinia.

Mwandiko aliliangalia akaona aibu, kama aliyemkuta jamaa yake uchi mbele za watu.

Mhakiki akashika kipaza sauti, akauzungumzia ukimya kwa muda mrefu sana. Alisema ukimya ni ukuta, kisha akasema ukimya ni dirisha, na watu wakaandika. Kifutio alikaa pembeni yake, mikono kati ya magoti, koti limembana. Watu wakapewa nafasi ya kuuliza. Mmoja akauliza juu ya aina ya wino. Mwingine hakuuliza, alieleza ya kwake.

Kisha akanyoosha mkono mzee mmoja mwenye fimbo, aliyekaa kiti cha mwisho.

"Mimi si mtu wenu," akasema. "Mke wangu yuko hapo ng'ambo, zahanati, nami nimeingia kupumzisha miguu. Ila nimekaa nikimwangalia huyu mama. Alisema nini hapo?"

Watu wakacheka kidogo, kwa upole. Mhakiki akatabasamu. "Swali zuri, mzee wetu. Hapo ndipo kila mmoja wetu anapoweka maneno yake mwenyewe. Wewe ungesema nini?"

"Sikuuliza mimi ningesema nini. Mimi nyumba yangu ninayo. Nimeuliza yeye alisema nini. Maana povu lipo. Kama hakusema kitu, mlilichora la nini?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mhakiki akamgeukia Kifutio na kumpa kipaza sauti, kama anayekabidhi mtoto anayelia. Kifutio akakishika. Akageuka kuitazama picha yake. Akatazama watu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Na Mwandiko, kutoka nyuma, akaelewa kitu ambacho hakuwahi kukifikiria: Kifutio hakujua. Tangu siku ile ya mtambo hakuwahi kuuliza lilikuwa neno gani, wala hakufungua bahasha. Yale maneno marefu aliyomwandikia mjane, mwenyewe alishayasahau.

"Mimi nilichora tu," Kifutio akasema, sauti ikagonga kuta. "Maneno hayakuwa yangu. Yalikuwepo, yakaachwa wakati wa kuchapa, kwa bahati mbaya. Nikanyamaza." Akameza mate. "Muulizeni yule dada pale nyuma. Miaka yote ni yeye. Yeye ndiye anayejua huyu mama alisema nini."

Vichwa vyote vikageuka. Mhakiki akabaki na tabasamu usoni, likawa halina kazi. Kipaza sauti kikapita mkono kwa mkono, kiti kwa kiti, hadi kikamfikia Mwandiko, kikiwa na joto la viganja vya watu.

Alifungua mdomo. Hotuba yote ilikuwa pale, imejipanga tangu jikoni. Kiganja. Vifungo. "Hata wewe?" Fundi. Simu. Maneno yametosha. Ilikuwa ya haki kila neno, na ilikuwa ndefu mno. Aliangalia ule ukumbi, viti vitupu, koti lililombana Kifutio, mjane na ufunguo wake, akauhisi uchovu wake wote kuanzia kisigino hadi kwenye nywele. Hakuwa ameshindwa. Alikuwa amechoka tu.

"Haya," akasema.

Wakasubiri.

Mtu mmoja akakohoa. Kalamu zilikuwa zimeinuliwa juu ya karatasi. Mhakiki akainama mbele, akamtia moyo kwa kichwa. "Karibu, dada. Usiogope, tunakusikiliza."

Lakini Mwandiko alishamrudishia jirani kipaza sauti na kuvuta mkoba begani. Wakanong'onezana kwamba maskini, ameingiwa na woga. Yule mzee ndiye hakunong'ona. Alikuwa akiitazama picha, midomo ikicheza, akiupima mlango na ufunguo na ukubwa wa povu.

"Ahaa," akasema. "Ndivyo."

"Ameshajibu," Kifutio akasema kutoka mbele, bila kipaza sauti. Alikuwa amefunika macho kwa mkono, na mabega yalimtikisika, haikujulikana kama ni kicheko au ni kile kingine. "Ameshajibu, jamani. Ameshajibu."

Wengi hawakuelewa, na wiki ile ukurasa wa habari uliandika juu ya mambo mengine.

Kifutio alimkuta kwenye ngazi, akihema. "Dada. Dada, simama." Mwandiko alisimama, hakugeuka sana. "Ndilo lile? Herufi nne?"

"Ndilo."

"Mimi nilikuandikia ukurasa mzima."

"Najua ulichoniandikia."

Kifutio akashika mbao za ngazi. Alitaka kuomba radhi, ilionekana, na alikuwa anatafuta pa kuanzia. "Zile kurasa za toleo lijalo," akasema, "njoo uziandike. Sikuziacha vile kwa... Sasa angalau una nafasi. Mapovu ni makubwa. Utaandika upendavyo."

Mwandiko alikiangalia kiganja chake kilichofungwa kitambaa, akakifungua na kukifunga. Alipaswa kusema hapana. Shangazi angesema aseme hapana, na angekuwa na haki.

"Yapunguze," akasema, akashuka ngazi akishika ukuta.